Heinrich Hertz: Jamaa aliyenasa mawimbi ya umeme, na ndoto ya antena za kuvuna jua la Griftu

Saa saba mchana pale Griftu, Wajir Magharibi, kila kiumbe kinatafuta kivuli. Mbuzi wamejibanza chini ya migunga, wazee wamehamia upande wa ukuta usiopigwa na jua, na hata wa bodaboda ameegesha pikipiki akisubiri makali yapungue. Mji huo uko karibu nyuzi mbili tu kaskazini mwa ikweta, na jua la huko halina mchezo. Juu ya mapaa ya mabati paneli za sola zinalinywa jua hilo, na chini yake simu zinachajiwa.

Sasa wewe unayesoma haya ukiwa Eastleigh, Kisauni au Nakuru, hebu jiulize swali hili. Simu yako ina antena ndogo inayonasa mawimbi kutoka kwenye mnara ulio mbali. Mwanga wa jua nao ni mawimbi, tena ya aina ileile. Kwa nini basi tusitengeneze antena ya kunasa mwanga na kuugeuza kuwa stima?

Usicheke, si swali la kitoto. Watafiti wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 50 sasa. Ila ili ulielewe vizuri, lazima kwanza umjue jamaa mmoja ambaye jina lake unalitaja bila kujua. Ukisikia redio ya FM ikitangaza megahezi zake, au muuza simu akikusifia gigahezi za prosesa, hiyo hezi ni jina la mtu. Aliitwa Heinrich Hertz. Alifariki akiwa na miaka 36 tu, na hakuwahi kusikia redio hata siku moja.

Mtoto wa wakili, mikono ya fundi

Heinrich Rudolf Hertz alizaliwa tarehe 22 Februari 1857 mjini Hamburg, Ujerumani. Baba yake, Gustav, alikuwa wakili na baadaye akawa seneta wa mji huo. Heinrich ndiye aliyekuwa kifungua mimba, na nyuma yake walifuata wadogo wanne. Kwa kifupi, alitoka nyumba yenye uwezo, na angeweza kukaa akingoja urithi kama watoto wengi wa wakubwa.

Lakini huyu kijana hakutulia. Nyumbani alikuwa na meza yake ya useremala na mashine ya kuchongea, na mwenyewe alitengeneza vifaa vya majaribio. Jumapili, wenzake wakipumzika, yeye alikuwa akienda shule ya ufundi kujifunza uchoraji wa kitaalamu. Inasimuliwa kwamba miaka mingi baadaye, fundi aliyemfundisha kuchonga aliposikia mwanafunzi wake amekuwa profesa alisikitika sana, kwa kuwa aliona dunia imepoteza fundi mzuri.

Lugha pia zilimkaa. Mbali na Kigiriki na Kilatini za shuleni, alijifunza Kiarabu. Kama wewe ulipitia dugsi au madrasa, unajua kwamba Kiarabu si lugha ya kujifunza kwa kubahatisha. Huyu alikuwa na kichwa cha vitabu na mikono ya karakana kwa wakati mmoja, na mchanganyiko huo ndio uliokuja kumfaa.

Barua kwa baba

Baada ya shule, Hertz alichagua njia ambayo mzazi yeyote angeifurahia: uhandisi. Alifanya kazi kwa muda Frankfurt akijifunza ujenzi, akasoma Dresden, akatumikia jeshi kwa mwaka mmoja, kisha mwaka 1877 akafika Munich kuendelea na masomo ya uhandisi.

Hapo ndipo moyo ulipokataa. Kila alipofungua vitabu vya madaraja na mashine, akili ilimkimbilia kwenye fizikia. Kama umewahi kukaa mbele ya fomu ya KUCCPS ukibishana na nafsi yako, kozi ya mkate upande huu na kozi ya moyo upande ule, basi unajua alivyojisikia. Tofauti ni kwamba yeye hakujificha. Alimwandikia baba yake barua ndefu, akaeleza kwamba uhandisi ungempa kazi ya uhakika lakini alichokitaka ni kuchunguza maumbile, na akaomba ruhusa pamoja na msaada wa fedha kwa miaka mingine ya masomo. Baba alikubali.

Mwaka uliofuata, 1878, alihamia Berlin kwa Hermann von Helmholtz, mmoja wa wanasayansi wakubwa wa Ulaya wakati huo. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1880, akiwa hajatimiza hata miaka 23.

Mtihani alioukataa

Wakati huo fizikia ilikuwa na deni moja kubwa. Mskoti James Clerk Maxwell alikuwa ameonyesha kwa hesabu, katika miaka ya 1860, kwamba umeme na sumaku vikitikisika pamoja vinaweza kutoa mawimbi yanayosafiri hewani kwa kasi ya mwanga. Kwa hiyo, alisema, mwanga wenyewe ni mawimbi ya namna hiyo. Hesabu zilikuwa safi, lakini hakuna aliyekuwa ameyatengeneza mawimbi hayo kwa umeme na kuyanasa. Maxwell alifariki mwaka 1879 bila kuona uthibitisho.

Mwaka huohuo Helmholtz alimshawishi Hertz ajaribu sehemu ya kazi hiyo, ambayo chuo cha sayansi cha Berlin kilikuwa kimeitangazia zawadi. Hertz alipiga mahesabu, akaona kwamba kwa vifaa vilivyokuwepo asingefika mbali, na akakataa. Tazama vizuri hapo. Hakulitupa swali. Aliliweka mfukoni, akatembea nalo.

Mwaka 1883 alikwenda kufundisha Kiel, chuo ambacho hakikuwa na maabara ya maana, basi akatumia muda huo kuzichambua hesabu za Maxwell kwa karatasi na kalamu. Mwaka 1885 alipata uprofesa katika chuo cha ufundi cha Karlsruhe, na mwaka uliofuata akamwoa Elisabeth Doll, binti wa mwalimu mwenzake. Karlsruhe ilikuwa na vifaa. Swali likatoka mfukoni.

Cheche gizani

Mwaka 1886, akiwa anaonyesha majaribio kwa koili mbili, aliona kwamba cheche ikiruka kwenye koili moja, nyingine iliyo kando nayo inatoa kacheche kadogo. Mtu mwingine angepita tu. Hertz alisimama.

Alijenga kifaa rahisi mno. Alichukua nyaya mbili zilizonyooka, akaweka tufe la zinki kwenye ncha ya kila moja, na katikati akaacha nafasi ndogo. Alipoviunganisha na koili yenye nguvu, cheche ziliruka kwenye ile nafasi na umeme ukawa unakimbia huku na huko kwenye nyaya mamilioni ya mara kwa sekunde. Hiyo ilikuwa antena ya kurusha. Kisha akapinda waya kuwa pete, akaacha ufa mwembamba kuliko unywele, akauweka mbali kidogo bila kuunganishwa na kitu chochote. Hiyo ilikuwa antena ya kupokea.

Alizima taa akakaa gizani macho yazoee. Kwenye ule ufa, cheche ndogo sana zikaonekana. Umeme ulikuwa umevuka chumba bila waya.

Kati ya 1887 na 1888 aliyabana mawimbi hayo kwa kila mtihani. Aliyapiga kwenye bati la zinki ukutani yakarudi, na kwa kupima mahali yalipokuwa na nguvu na mahali yalipofifia, akajua urefu wake. Aliyakusanya kwa vioo vilivyopinda vya zinki, kama vile dishi la setilaiti linavyofanya leo. Aliyapitisha kwenye kipande kikubwa cha lami chenye pembe tatu, uzito wake zaidi ya nusu tani, yakapinda njia kama mwanga unavyopinda kwenye kioo. Kila kitu mwanga unachofanya, mawimbi yake yalifanya. Tofauti ilikuwa urefu tu: katika majaribio ya mwisho, wimbi lake lilikuwa na urefu wa sentimita 66 hivi, wakati wimbi la mwanga wa kijani halifiki hata elfu moja ya milimita.

Inasemekana wanafunzi walipomuuliza faida ya jambo hilo, aliwajibu kwamba haoni matumizi yoyote, kwani yeye alitaka tu kujua kama Maxwell alisema kweli. Leo WiFi, Bluetooth, minara ya simu na redio ya mfugaji anayesikiliza habari za mvua huko Wajir vinapita njia hiyohiyo.

Kero iliyogeuka hazina

Sasa shika hapa, maana ndipo hadithi inaporudi kwenye jua.

Ili azione vizuri zile cheche ndogo, Hertz aliifunika antena ya kupokea kwa sanduku jeusi. Ajabu ni kwamba cheche zilipungua. Alipoondoa sanduku zikarefuka. Ilikuwa kero, na angeweza kuiacha ipite, kwa sababu alikuwa na kazi kubwa zaidi mkononi. Badala yake alisimamisha ile kazi kubwa na kuifuatilia kero hiyo kwa miezi kadhaa.

Alizuia mwanga wa cheche kubwa kwa kioo, athari ikapotea. Akaweka kwazi badala ya kioo, athari ikarudi. Kioo huzuia mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho lakini inayochoma ngozi, na kwazi huipitisha. Akahitimisha kwamba mwanga huo ukipiga chuma, umeme unaruka kwa urahisi zaidi. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1887, akasema wazi alichokiona, hakudai kujua sababu yake, kisha akarudi kwenye mawimbi.

Sababu ilikuja mwaka 1905 kupitia Albert Einstein: mwanga hufika kwa vipande vidogo vya nishati, na kipande kimoja kikiwa na nguvu ya kutosha hung'oa elektroni. Kazi hiyo ndiyo iliyompa Einstein tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Na paneli ya sola iliyo juu ya duka la Griftu hufanya kazi kwa jambo lililo ndugu wa karibu wa hilo: vipande vya mwanga vinaamsha elektroni ndani ya silikoni, zinatembea, unapata stima.

Unaona sasa? Mtu mmoja, maabara moja, ndani ya miaka miwili, alifungua milango yote miwili. Mlango wa kwanza ni antena, unaouchukua mwanga kama wimbi. Wa pili unauchukua kama vipande. Paneli zote unazozijua zimepita mlango wa pili.

Mwisho wa mapema

Mwaka 1889 Hertz alihamia Chuo Kikuu cha Bonn, sasa akiwa maarufu Ulaya nzima. Mwaka 1892 ugonjwa ukamwandama. Kichwa kilimuuma vibaya, pua na masikio vikavimba, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja. Madaktari wa leo wanaamini ulikuwa ugonjwa nadra wa mishipa ya damu, ambao wakati huo haukuwa na jina wala dawa. Aliendelea kufundisha hadi Desemba 1893, na akamaliza kuandika kitabu chake cha mekanika. Tarehe 1 Januari 1894 alifariki. Aliacha mjane na mabinti wawili wadogo, Johanna na Mathilde. Kitabu kilitoka baada ya kifo chake.

Mwaka huohuo kijana wa Kiitaliano wa miaka 20, Guglielmo Marconi, alisoma habari za kazi ya marehemu, akaona pale ambapo mwenyewe hakuona: mawasiliano. Mwaka 1901 mawimbi ya Marconi yalivuka Atlantiki.

Familia ya Hertz haikuachwa salama. Ukoo wa baba yake ulikuwa na asili ya Kiyahudi, na Wanazi waliposhika Ujerumani katika miaka ya 1930, mjane na mabinti hao walilazimika kukimbilia Uingereza. Nchi iliyojivunia ugunduzi wake ikawafukuza watu wake. Jina lenyewe halikufutika. Mwaka 1960 mkutano wa kimataifa wa vipimo uliidhinisha hezi kuwa kipimo rasmi cha mitikisiko kwa sekunde.

Kutoka sentimita 66 hadi nanomita 250

Turudi kwenye swali letu. Antena hufanya kazi vizuri ukubwa wake ukilingana na wimbi, kwa kawaida nusu au robo ya urefu wake. Wimbi la FM lina urefu wa mita 3 hivi, ndiyo maana ile fimbo ya redio ya babu huvutwa hadi karibu sentimita 75. Wimbi la mwanga wa kijani lina nanomita 500 hivi, kwa hiyo antena yake inatakiwa iwe nanomita 250. Unywele wako mmoja una unene wa nanomita kama 80,000. Piga hesabu mwenyewe.

Kunasa peke yake hakutoshi. Wimbi hutikisa umeme mbele na nyuma, na huwezi kuchaji betri kwa umeme unaokwenda na kurudi. Unahitaji dayodi, yaani mlango unaoruhusu njia moja tu. Antena ikiungwa na dayodi, wataalamu huiita rektena. Kwa mawimbi ya redio kitu hiki kipo na kinafanya kazi. Mwaka 1964 Mmarekani William Brown aliirusha helikopta ndogo kwa nguvu ya mawimbi kutoka ardhini, na mwaka 1975, jangwani California, zaidi ya kilowati 30 zilipokelewa kutoka umbali wa kilomita moja na nusu bila waya.

Mwaka 1972 mtafiti mwingine wa Marekani, Robert Bailey, alipendekeza jambo lilelile lifanywe kwa jua. Mvuto wake ulikuwa wazi. Paneli ya kawaida yenye tabaka moja haiwezi, hata kwa nadharia, kuvuka kama theluthi moja ya nishati ya jua, kwa sababu vipande dhaifu vya mwanga hupita bure na vyenye nguvu kupita kiasi huishia kuwa joto. Antena ilionekana kama njia ya kulikwepa dari hilo, ingawa hesabu za baadaye zimeonyesha kwamba halikwepeki kirahisi hivyo.

Kizuizi kikubwa ni ile dayodi. Stima ya nyumbani kwako hutikisika mara 50 kwa sekunde. Mwanga wa kijani hutikisika mara trilioni 600. Mlango wa dayodi lazima ufunguke na kufungwa kwa kasi hiyo, na dayodi za kawaida haziwezi hata kuikaribia. Mwaka 2015 timu ya Baratunde Cola katika Georgia Tech, Marekani, ilitumia mirija ya kaboni isiyoonekana kwa macho, ikaweka dayodi kwenye ncha za mirija hiyo, na ikafanikiwa kugeuza mwanga kuwa umeme wa njia moja. Ufanisi wake? Chini ya asilimia 1.

Wengine wanaota kuvuna joto la ardhi usiku, maana mchanga uliochomwa mchana kutwa hutoa mionzi ya infraredi hadi alfajiri. Hapa uwe macho na wauza miujiza. Antena yenye joto sawa na mchanga huo haitatoa kitu. Ili nishati itembee lazima pawe na upande wa moto na upande wa baridi, kama maji yanavyohitaji mteremko.

Kwa hiyo nani atamaliza kazi?

Kwa sasa, anayetaka stima Griftu anunue paneli. Zinafanya kazi, na mfano uko jirani: kituo cha sola cha Garissa, kilichozinduliwa Desemba 2019, kina paneli zaidi ya 200,000 na uwezo wa karibu megawati 55. Mradi wa serikali wa KOSAP nao unalenga kufikisha sola katika kaunti 14 zilizo mbali na gridi, Wajir ikiwemo. Hakuna sababu ya mwanafunzi kusoma gizani akisubiri nanoantena.

Lakini paneli zile za Garissa hazikubuniwa Garissa. Jua ni letu, ujuzi tumenunua. Mlango wa kwanza alioufungua Hertz, ule wa antena, bado haujapitwa na mtu kwa upande wa mwanga. Hakuna nchi iliyoushinda. Kinachokosekana ni dayodi moja yenye kasi ya kutosha, na kazi hiyo itahitaji watu wa fizikia, kemia na hisabati, zile kozi ambazo mjomba akisikia umezichagua huuliza utakula nini.

Hertz naye alipaswa kulijibu swali hilo mbele ya baba yake, akiwa na miaka 20. Alijibu kwa kalamu, kwa heshima, na sababu zake akazipanga vizuri. Ukiwa na barua kama hiyo moyoni, iandike kabla fomu hazijafungwa.